Mwonjaji Aliyeacha Kutema

Kiwandani walimwita Mzee Ulimi, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Kazi yake kwa miaka mingi ilikuwa kuonja chai kabla haijafungwa kwenye magunia na kupelekwa sokoni. Asubuhi alivaa aproni nyeupe na kusimama mbele ya meza ndefu ya vigae chini ya dirisha kubwa. Juu ya meza kulipangwa bakuli nyeupe mstari mzima, kila moja na chai ya mkupuo wake, yaani fungu lililokaushwa kwa pamoja, na nyuma ya kila bakuli birika dogo ambalo juu ya mfuniko wake yamemwagwa majani yaliyokwisha kulowa, ili rangi yake ionekane. Alichota kwa kijiko, akafyonza kwa kishindo ambacho nyumbani kwa watu kingemfukuzisha mezani, akaizungusha chai mdomoni, akatema kwenye beseni refu lenye magurudumu alilolisukuma kwa goti, akasema neno moja. "Hai." "Imelala." "Imeungua." "Ina moshi." Msaidizi wake, mwanamke wa makamo aliyehamishiwa hapo kutoka idara ya mizani, aliandika.

Kumeza ni mwiko kwa mwonjaji. Bakuli ni nyingi, na anayemeza hata nusu yake atakuwa anatetemeka mikono kabla jua halijapanda. Mzee Ulimi alikuwa mkali kwa hilo kama alivyokuwa mkali kwa manukato, sigara na vitunguu vibichi. Aliwahi kumtoa meneja chumbani kwa sababu ya mafuta ya nywele. Meneja alitoka bila ubishi, maana bei ya chai ya kiwanda kizima ilipita kwanza kwenye ulimi wa mtu huyu.

Basi katika upimaji wa afya wa wafanyakazi wa kila mwaka, daktari alimfunga mkanda mkononi, akatazama, akamfungua, akamfunga tena. Presha ilikuwa juu, wala si juu ya kubahatisha. Akamwandikia vidonge, kimoja asubuhi na kimoja jioni, akamwambia apunguze chumvi na asiache dawa hata akijisikia mzima. Mzee Ulimi hakubisha. Kaka yake mkubwa, kama alivyomweleza daktari, alikuwa kitandani kwa kiharusi, upande mmoja wa mwili haumtii, na mtu aliyewahi kumgeuza ndugu yake kitandani kama gunia hahitaji kuhubiriwa habari za presha.

Waliomchosha ni wengine. Habari ilipovuja, kila mwenye mdomo akawa daktari. "Presha ya nini na wewe unaogelea kwenye chai mchana kutwa?" akauliza mlinzi wa lango. "Chai inasafisha mishipa, wamesema redioni." Shemeji yake akamletea maganda ya vitunguu kwenye mfuko, ayachemshe. Jirani akaja na kakao chungu isiyo na sukari. Fundi wa mashine ya kukaushia akasema dawa ya presha ni matunda tu, na huku anasema hivyo anatafuna kipande cha nyama chenye chumvi ya kutosha ng'ombe watatu. Mzee Ulimi aliwaitikia wote, akameza vidonge vyake, presha ikaanza kushuka.

Kisha ladha ikamtoka.

Ilianza kama chuma mdomoni. Alidhani ni kijiko, akabadilisha kijiko. Akadhani ni maji, akaamuru birika la kuchemshia lisuguliwe mpaka chini. Hatimaye alielewa kwamba chuma kile kimo mdomoni mwake mwenyewe, tangu aanze vidonge. Harufu aliisikia, rangi aliiona, lakini ukakasi haukuwepo, ule mshiko wa chai nzuri unaokamata ufizi kama ndizi mbichi, ambao ndio aliokuwa akiutafuta maisha yake yote ya kazi. Bakuli zote mezani zikawa maji ya moto yenye rangi.

Hapo ndipo mtu mwenye akili timamu hurudi kwa daktari na kumwambia, bwana, kidonge chako kimeniua ulimi. Ni sentensi moja, hata pumzi haiishi. Lakini Mzee Ulimi aliiona sentensi hiyo ikitoka kwa daktari, ikipita kwa nesi, ikipita kwa karani, ikifika kwa meneja kabla yeye mwenyewe hajarudi kazini. Mwonjaji mwenye mafua tu huambiwa akae nyumbani mpaka apone. Mwenye ulimi uliokufa ataambiwa nini? Kiti chake alikuwa amekikalia miaka yote hiyo, na kazi nyingine hakuijua. Basi akafunga mdomo, na kuanzia siku hiyo akawa mwigizaji.

Kiwandani alimgeuzia mzigo msaidizi wake. Alifyonza, akatema, akafumba macho, akasema, "Haya, leo anza wewe. Unaonaje?" Yule mama akaonja, akafikiri, akasema imelala kidogo. "Ndivyo," akajibu Mzee Ulimi kwa sauti ya mwalimu. Mama wa watu akafurahi, akadhani anaandaliwa cheo, akawa anakuja mapema kuliko wote. Nyumbani nako mzee akawa mpole ghafla. Alichowekewa mezani alikula, alichomiminiwa alikunywa mpaka tone la mwisho, akasema asante, nzuri sana, kwa kuogopa kwamba akitia neno lolote atajulikana.

Uongo huo ulidumu mpaka msaidizi alipokwenda likizo. Mzee akabaki peke yake na bakuli zake, akatumia macho na pua, akabahatisha. Mkupuo mmoja ulikuwa na rangi nzuri ajabu, ya shaba iliyong'arishwa, akauandikia "Hai". Wanunuzi wakaurudisha wote. Walisema chai hiyo haina uhai wowote, ukiinywa ni kama unakunywa kivuli cha chai. Meneja akaja na bakuli mkononi, akamwomba aionje tena mbele yake. Mzee Ulimi akafyonza, akatema, akasema wanunuzi wa siku hizi hawana ulimi. Meneja akaliweka bakuli mezani, akasema labda itafutwe nafasi ya mwonjaji mwingine wa kusaidiana naye, kijana kidogo.

Siku zile zile walifika watafiti kutoka chuo kikuu. Waliomba chumba, wakatandika kitanda, wakafunga mashine yenye kioo, ya aina ile ile inayotumika kuwatazama wajawazito. Walitaka kujua kama watu wanaokunywa chai nyingi wana mishipa yenye afya zaidi, na hasa wenye presha. Mzee Ulimi aliitwa wa kwanza, watu wakacheka, wakasema mishipa yake lazima iwe imepakwa rangi ya chai.

Mtafiti alikuwa binti mwenye miwani, mpole, anayeeleza mambo kama anayemfundisha mtu kufunga kamba za viatu. Alimlaza, akamvisha mkanda chini ya kiwiko, akaujaza upepo mpaka vidole vikafa ganzi, akasubiri, kisha akauachia. Muda wote alishikilia kifaa juu kidogo ya kiwiko na macho yake yako kwenye kioo.

"Baba, tazama hapa. Huu ndio mshipa wa mkono wako."

"Hilo bomba?"

"Ndiyo. Nilipoubana mkono, damu ilizuiwa. Nilipoachia, ikarudi kwa kasi. Mshipa wenye afya ukiisikia kasi hiyo hutanuka kuipisha. Wako umetanuka kidogo sana."

"Umezeeka."

"Umekakamaa. Ndani ya mshipa kuna utando mwembamba. Utando huo ndio unaotoa hewa fulani kidogo inayouambia mshipa ulegee. Presha ikikaa juu muda mrefu, utando unachoka, na mshipa unabaki umekaza hata pale unapotakiwa kulegea."

"Na chai inaingia wapi?"

"Kwenye mimea kuna viini tunaviita flavonoidi. Vimo kwenye chai, kakao, vitunguu, matunda mengi. Kwenye chai ndivyo vinavyokupa ule mshiko kwenye ufizi. Inaonekana vinausaidia utando ule kufanya kazi yake."

Mzee Ulimi akainuka nusu. "Ukakasi?"

"Ukakasi, ndiyo. Wewe ndiye unaujua zaidi."

"Kwa hiyo chai ni dawa ya presha."

"Hapana, baba. Ni msaada, tena mdogo. Kuna waliopima wakaona presha imeshuka alama mbili tatu, kuna waliopima wasione kitu. Ndiyo maana tunapima tena. Dawa yako usiiache." Binti akatabasamu huku akimfuta mafuta ya kipimo mkononi. "Na wewe hata huo msaada mdogo huupati. Nimeambiwa chai yote unaitema."

Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa. La Mzee Ulimi lilisikia nusu, ile nusu iliyolipendeza. Ukakasi ndio flavonoidi, flavonoidi ndizo zinazolegeza mishipa, mishipa ikilegea presha inashuka, na ukakasi umejaa mezani kwake bakuli kwa bakuli, naye mjinga kwa miaka yote hiyo anaumwaga kwenye beseni. Kidonge cha nini tena? Kidonge kinachukua ulimi, chai haichukui kitu. Hesabu ilimtokea vizuri mno mpaka akajiona ametibiwa tayari. Maneno "msaada mdogo" hayakuwamo kwenye hesabu hiyo. Aliendelea kuchukua vidonge kwenye dirisha la dawa hospitalini kila mwezi ili asiulizwe maswali, akawa anavitia kwenye droo ya vijiko.

Akaanza kumeza.

Msaidizi aliporudi kutoka likizo alikuta beseni liko kavu saa ambayo kwa kawaida huwa limejaa nusu. "Mzee, unameza?"

"Nautafuta mwisho wa ladha."

"Lakini si ulisema mwonjaji anayemeza—"

"Nilisema wewe usimeze. Andika."

Ikawa hivyo. Mtu mzima na mvi zake anameza chai tangu asubuhi, moyo unapiga kama unataka kutoka nje, vidole vinacheza kijiko kikigonga bakuli, na baada ya kila safu anatoka mbio kwenda msalani, huku wapakiaji kwenye korido wakimpisha kwa heshima na kicheko. Usiku usingizi ulimkataa. Kisogo kilianza kumuuma asubuhi, maumivu mazito ya kubana, naye akajiambia ni dalili ya mishipa kufunguka. Ukisikia mtu mwenye akili zake anasema hivyo, unatamani umshike mabega umtikise.

Lakini ulimi ulirudi, na hilo ndilo lililomharibu kabisa. Asubuhi moja alifyonza bakuli la tatu na ufizi wake ukakamatwa. Akasimama akiwa ameshika kijiko, machozi yanamlenga. "Hai," akasema, na safari hii alijua anachosema. Akapita safu nzima bila kumuuliza msaidizi kitu, akagundua mikupuo miwili iliyokaushwa kwa moto mkali mno, akaenda mwenyewe kumfokea fundi wa mashine. Meneja hakuzungumza tena habari ya kijana wa kusaidiana. Jioni ile, mkewe alipommiminia chai, Mzee Ulimi aliionja, akakunja uso, akasema imechemshwa mpaka imechoka. Mke, fundi cherehani aliyekuwa ameshona tangu alfajiri, alimtazama, akaliweka birika chini taratibu, akarudi kwenye mashine yake.

Watafiti walirudi kupima mara ya pili, kama walivyoahidi. Mzee Ulimi alikwenda kulala kitandani mwao kama mwanafunzi anayekwenda kuchukua zawadi. Binti mwenye miwani akampima presha kwanza. Akapima tena. Akaita mwenzake, naye akapima. Mia moja tisini na nane juu, mia moja kumi na nane chini. Akaubana mkono, akauachia, akakodolea kioo, na mshipa ule haukutanuka hata chembe.

"Baba, umeacha dawa?"

"Nakunywa chai," akasema Mzee Ulimi. "Simwagi tena. Nameza."

Binti akavua miwani. Kwa mara ya kwanza upole ulimtoka. "Nilikwambia usiiache dawa. Nilikwambia kwa mdomo wangu." Hakungoja jibu, akatoka kwenda kutafuta gari.

Hawakumruhusu kwenda hospitali peke yake. Mkewe aliitwa, akaja na utepe wa kupimia ukiwa bado shingoni na nyuzi zimemganda kwenye gauni. Walikaa wawili mbele ya daktari, yule yule aliyeandika vidonge, mtu aliyeonekana kuwa na wagonjwa wengi na viti vichache. Alikuwa amemchungulia Mzee Ulimi machoni kwa taa yake, na hakufurahia alichokiona.

"Vidonge unakunywa?"

"Nakunywa."

Mke akageuka kumtazama. Daktari hakuandika kitu. "Nakuuliza tena."

"Niliacha."

"Kwa nini?"

Nje mtu aliita namba, kiti kikaburuzwa. Mzee Ulimi alitazama mikono yake, na hatimaye ile sentensi moja ikatoka.

"Kinaniua ulimi. Mimi ni mwonja chai. Tangu nilipoanza dawa, mdomo ulikuwa chuma kitupu. Nilipoacha, ladha ikarudi."

"Hilo tu?"

"Unasema hilo tu? Daktari, hiyo ndiyo kazi yangu."

"Nimekuelewa. Kidonge hicho huwafanyia hivyo baadhi ya watu. Tunajua. Kuna vya aina nyingine visivyogusa ulimi." Alikuwa ameshaanza kuandika. "Ungeniambia siku ile ile ningekubadilishia siku ile ile. Mbona hukusema?"

Hasira zilimpanda Mzee Ulimi mpaka masikio yakawaka, na alipotafuta wa kumtupia akakuta hayupo. Mlinzi wa lango na redio yake? Binti wa watu aliyemkataza waziwazi? Daktari ambaye hakuambiwa? Chai ile iliyorudishwa, kukosa usingizi, mbio za msalani, kisogo, yote hayo kwa sababu ya maneno ambayo yeye mwenyewe alikataa kuyasema, na dawa yake ikawa mstari mmoja wa kalamu. Aliutazama ule mstari ukikauka kwenye karatasi, akatamani kuipiga meza.

"Sikiliza vizuri," akasema daktari. "Mishipa midogo ya jicho la kushoto imevuja damu kidogo. Figo tutazipima leo. Presha tutaishusha, lakini polepole. Kilichoharibika siwezi kukuahidi kwamba chote kitarudi. Chai kunywa kama wanavyokunywa watu, kikombe na kikombe, haina ubaya. Ila ukiacha dawa tena utalala pembeni ya kaka yako."

Baada ya vipimo waliambiwa wasubiri dawa dirishani. Walikaa kwenye benchi la mbao, kati ya mama mwenye mtoto na mzee aliyekuwa akisinzia. Mke alivua utepe shingoni, akaukunja vidole viwili viwili, akaukunjua, akaukunja tena. Mzee Ulimi alisubiri aanze kumfokea. Alikuwa amejiandaa, hata alitaka afokewe.

"Ulimi ulikufa lini?" akauliza mkewe.

"Mapema tu. Mwezi ule ule wa kwanza."

"Ukarudi juzi juzi hapa."

"Ndiyo."

"Siku ile uliposema chai imechoka."

"Siku hiyo."

Mke akatikisa kichwa polepole. Hakuwa na hasira usoni, na hilo lilimtia mzee wasiwasi zaidi. "Kwa hiyo kabla ya hapo, zile asante zote. Kumaliza kikombe mpaka chini. Nzuri sana, mama watoto."

"Sikuwa nasikia kitu," akasema Mzee Ulimi. "Ningekunywa hata maji ya kuoshea vyombo."

"Mimi nilidhani umezeeka vizuri," akasema mkewe. "Nikajisemea, hatimaye. Miaka yote ya ndoa hukuwahi kumeza chai yangu bila kuitia kasoro, kisha ghafla unamaliza, unashukuru. Niliwaambia mpaka dada zangu. Niliwaambia mume wangu amelainika." Akatazama utepe mkononi mwake. "Nikawa naamka mapema ili niipike vizuri zaidi."

Mzee Ulimi akafungua mdomo. Mtu huyu angeweza kukutajia kasoro hamsini za bakuli moja la chai, na kila kasoro ina jina lake. Alitafuta neno moja la kumpa mwanamke aliyekaa pembeni yake, akalikosa.

Namba yao ikaitwa. Mke akainuka kabla yake, akaenda dirishani, akasikiliza maelezo mpaka mwisho, akauliza swali, akajibiwa, akauliza jingine. Akarudi na mfuko mdogo, akauweka kwenye kiganja cha mumewe, akamkunja vidole juu yake.

"Kimoja kila asubuhi. Hakigusi ulimi, nimewauliza mara mbili," akasema. "Na chai ya kukimezea, kuanzia kesho utajipikia mwenyewe."